Bitana

Kumbukumbu zinasema chama kilizaliwa kwa azimio,
mwaka wa hamsini na mbili, mbele ya mashahidi saba.
Mimi niliyetunza majalada miaka thelathini na moja
nasema hapana.
Kilizaliwa jikoni, Leeuwarden, Januari ya mwaka uliotangulia,
mwanafunzi mgeni alipoteremka kwenye garimoshi akitetemeka
na mwenyeji wake akakosa cha kumvika
ila koti la marehemu.

Koti la Douwe. Sufu nzito, rangi ya majivu,
kifungo cha pili hakipo.
Wakati wa vita Douwe alitoka asubuhi moja bila koti,
akasema, "Narudi sasa hivi,"
na hiyo sasa hivi bado haijafika.

Mgeni aliitwa Hartmut, wa Bremen.
Majirani walijua Bremen iko wapi.
Walijua pia ni lugha gani iliyoamuru
milango ifunguliwe usiku.

Bi Sietske alisimama, koti mkononi,
hata supu ya njegere ikafurika jikoni.
Kisha akasema, kwa Kifrisia ambacho kijana hakukielewa,
"Mikono mirefu kidogo. Itakunjwa."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
yeye siku ya tatu alimpa koleo la theluji,
na mtaa mzima ukamwona adui wa jana
akisafisha njia ya mjane,
amemvaa mwanawe.

Juni, kijana alipoondoka,
Bi Sietske alilikuta koti kitandani, limekunjwa.
Kifungo cha pili kimerudi, si cha jinsi moja na wenzake.
Na ndani ya bitana, chini ya kwapa la kushoto,
kwa uzi mwekundu, mshono wa mtu asiyejua kushona:
HARTMUT 1951.

Baada yake Ilmari wa Oulu, aliyeicheka baridi yetu.
Nobuyuki wa Akita, aliyeshona jina kwa herufi za kwao,
Bi Sietske akalisoma kwa kidole.
Teodoro wa Cochabamba aliacha mfukoni punje tatu za mahindi meusi;
tulizipanda, hazikuota.
Jikoni pakawa padogo.
Nyumba sita, nyumba arobaini, nchi kumi na tisa.
Tukapata muhuri, tukapata mhazini,
tukagombania nembo miaka miwili.
Meli ikawa ndege.

Wapo waliorudi kwao kabla ya wakati.
Majalada yao ni membamba, na hotuba haziwataji.
Yupo Ximena, ambaye mwaka ulipokwisha
hakuwa tena na nchi ya kurudi.
"Muda umeongezwa," niliandika, mara tisa,
kalamu ileile.

Bi Sietske alipokufa, koti likawekwa kwenye kabati la kioo,
taa juu yake, kibao chini yake:
Tafadhali usiguse.

Basi mwaka jana, Februari,
Tavita wa Apia alisimama mbele ya meza yangu
na shati la maua.
Mizigo yake ilikuwa imeshukia nchi nyingine.
Alijizuia kutetemeka, kwa adabu.
Mkurugenzi akanikabidhi fomu ya mavazi ya dharura:
majibu baada ya siku tatu za kazi.

Ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye droo yangu,
chini ya biskuti.

Lilimbana mabegani. Alipoinua mkono
bitana ikalia mraruko mgongoni, akaganda,
akaomba radhi kwa lugha tatu.
Nikatafuta sindano.

Alilivua, akaligeuza nje ndani,
akapitisha kidole juu ya nyuzi,
nyekundu, buluu, ya kijani iliyopauka.
"Hawa ni kina nani?"

Nje kulikuwa kunaanguka theluji nyembamba, ya chenga.
Nikavuta kiti,
nikaanza na jina
ambalo halikushonwa humo.